Jinsi ya kutengeneza mdoli wa mtoto wa Kihmong wa Minnesota, kuanzia cherehani ya nyumbani mpaka kiwandani

Mi ni fundi cherehani, nyumbani Tanga, ila mwaka wa nane huu niko Brooklyn Park hapa Minnesota na mlango wa pili kutoka kwangu wanaishi Wahmong. Kama hujawahi kuwasikia, ni watu wa milimani kule Laos, wengi wao walipigana upande wa Marekani kwenye vita ya siri iliyoendeshwa na CIA kule Laos wakati wa vita ya Vietnam, mambo yalipoharibika 1975 wakakimbilia kambi za Thailand afu wengi wakaletwa huku, St. Paul imejaa wao. Sunisa Lee yule wa jimnastiki aliyebeba dhahabu Tokyo 2021 ni mtoto wa St. Paul, Mhmong. Sasa jirani yangu ana binti wa miaka 6, siku hiyo kaja na mdoli wake mkono umeng'oka begani, "shangazi nishonee", mdoli wenyewe mweupe pee nywele njano. Nikashona huku namuuliza, haya huyu anaitwaje? Akanitajia jina lake yeye mwenyewe.

Nikamaliza kushona nikampa. Usiku sikulala vizuri, nikaanza kuchora.

Toka hapo nimetengeneza midoli ya kutosha, ya kitambaa kwa mkono na baadaye ya plastiki kupitia kiwanda, na nimekosea karibu kila sehemu inayokoseka, kwaiyo naandika hapa yote kwa anayetaka kufanya kazi hii ya midoli ya watoto wa Kiasia wa Marekani, awe anaishi huku au anashonea watu wa huku.

Hatua ya 1: chagua mtoto, usichague bara

Hapa ndo wengi wanapotea kabla hata hawajashika mkasi. Ukisema "Muasia wa Marekani" umesema nini? Jina lenyewe lilianza 1968 pale Berkeley, Yuji Ichioka na Emma Gee walitaka wanafunzi wa Kichina, Kijapani, Kifilipino na wengine wasimame pamoja. Ni jina la siasa, na jina la siasa halina pua wala macho. Ukimwendea mchongaji ukamwambia nichongee Muasia atakuchongea katuni. Mtoto wa Kigujarati wa New Jersey, Mfilipino wa California, Mkorea wa Georgia na Mhmong wa St. Paul wote wako ndani ya jina hilo na hawafanani hata kidogo.

Kwaiyo andika kwenye karatasi: kabila gani, miaka mingapi, mji gani, nyumbani wanaongea nini, shuleni anavaa nini, wikiendi anafanya nini. Wa kwangu: msichana wa Kihmong, miaka 7, Brooklyn Park, nyumbani kuna bibi anayeongea Kihmong tupu, yeye anajibu Kiingereza (wenye watoto huku mnaelewa hiyo hali 😅), anapenda kupanda miti na anachukia kuvaa kofia.

Ujue pia nani katangulia. American Girl, kampuni kubwa ya midoli ya Marekani, walimtoa Ivy Ling 2007, Mchina wa San Francisco, lakini alikuwa rafiki wa mdoli mwingine, Julie, mwenye hadithi ni Julie, na 2014 wakamwondoa sokoni. Ilibidi ifike 2022 ndo Corinne Tan awe "msichana wa mwaka" wao wa kwanza mwenye asili ya China, 2023 akafuata Kavi Sharma mwenye asili ya India. Afu kuna Elenor Mak, mama aliyetafuta mdoli unaofanana na binti yake akakosa, akaanzisha kampuni yake ya Jilly Bing. Angalia midoli hii yote, ishike mkononi kama unaweza, geuza kichwa uangalie kutoka pembeni. Pembeni ndo uongo unaonekana.

Hatua ya 2: kaa na wenyewe, na uwalipe

Picha za intaneti hazitoshi. Mi nilienda kwa jirani na daftari, nikakaa na bibi wa nyumba, wao humwita pog, yaani bibi mzaa baba. Nilikuwa nimeshachapa nakshi nzuri sana nilizozipata mtandaoni nikitaka kuzitarizi kwenye sketi ya mdoli. Pog akapitia karatasi moja moja, hii ya konokono sawa, hii ya nyayo za tembo sawa, akafika kwenye moja akaikunja mara nne akaiweka chini ya mto wa kochi. Mkwewe akanitafsiria: hii ni ya maiti. Kumbe kwao kuna vitambaa hutariziwa wazee kwa ajili ya siku ya mazishi. Nilikuwa naenda kuivisha toto la kuchezea sanda, fikiria.

Kazi hiyo ni utaalamu kama utaalamu mwingine, weka kwenye bajeti kabisa. Msilete habari za "si ananisaidia tu jirani". Na mkubaliane mapema kama jina la mshauri litaandikwa kwenye boksi au hataki.

Hatua ya 3: uso

Nitakaa sana hapa maana mdoli ni uso, mengine ni nguo.

Kosa namba moja la dunia nzima ni kuchukua uso wa mdoli wa Kizungu, kuuongezea rangi, kumwekea wanja uliopandishwa juu kwenye kona ya nje, basi Muasia huyo. Mi mwenyewe uso wangu wa kwanza ulikuwa hivyo hivyo, yule mtoto akautazama akaniuliza mbona huyu ana macho ya paka. Na alikuwa sahihi.

Tofauti iko kwenye kope, sio kwenye mteremko wa jicho. Muangalie mtu karibu: kope la juu linashuka kidogo na kufunika kona ya ndani ya jicho, pale jirani na pua. Wengine kope halina mkunjo kabisa, wengine wanao mkunjo mwembamba, ndani ya familia moja utakuta vyote viwili. Kwa mdoli wa kitambaa fanya hivi:

- Chora uso kwa kalamu inayofutika na maji. Macho yakae nusu ya kichwa au chini kidogo ya nusu, mtoto ana paji kubwa, ukiyapandisha unapata mama mzima.
- Weka rula kati ya kona ya ndani na ya nje. Kwenye uso wa sentimita 9 tofauti ya juu na chini isizidi milimita 1 au 2.
- Mstari wa kope tarizi kwa uzi mmoja tu, kahawia iliyokolea, sio mweusi. Uanzie chini kidogo ya kona ya ndani, kama unaipita, ndo upande juu. Kauzi hako kadogo ndo kazi yote.
- Mboni kahawia nzito, sehemu ya juu iguse kope, usiache weupe ukaizunguka mboni pande zote, mdoli ataonekana kashtuka.
- Pua usichore mgongo wake. Vivuli viwili vidogo vya matundu vinatosha, mashavu yajae.

Kama lengo ni plastiki, basi haya yote yanachongwa, hayapakwi. Anza kwa udongo wa kuoka kwenye oveni au mchongaji wa kompyuta akuchapishie, afu kaa nao wiki nzima. Ukitaka macho ya akriliki ya kufumba na kufumbua kuwa makini zaidi, jicho lenyewe ni duara kwa kila mdoli, kinachotofautisha ni tundu linalolizunguka. Tundu likichongwa kwa ajili ya mtoto mwingine hakuna rangi itakayokuokoa.

Hatua ya 4: rangi ya ngozi

Sio njano. Nasema tena, sio njano. Nilikata vitambaa 11 nikavitia rangi tofauti kidogo kidogo, nikaenda navyo kwa jirani tukavilaza kwenye mikono ya kila mtu, dirishani mchana, baadaye tena usiku chini ya taa ya jikoni. Baba na binti yake walitofautiana namba tatu. Tukachagua ya binti. Pamba iwe iliyofumwa kwa kubana, ile laini inayovutika mdoli unanenepa siku hadi siku. Kwa kiwanda wape namba ya Pantone (zile namba za rangi zinazotumika viwandani) pamoja na kipande halisi cha kitambaa, picha ya simu haina maana yoyote maana kila skrini na mambo yake.

Hatua ya 5: nywele

Dada zangu hapa tuna faida wenzetu hawana, sisi nywele za bandia tunazijua toka utotoni. Zile namba za rangi za dukani, 1, 1B na 2? Ndo hizo hizo. Namba 1 peke yake ni nyeusi tii, inakuwa kama plastiki. Changanya 1B nyingi na 2 kidogo, juani inatoa ule wekundu kwa mbali ambao watoto wanao kweli.

Ila nyuzi zenyewe sio zile zetu. Nilianza na Kanekalon ya kusukia kwa sababu ilikuwa kabatini, ile kitu imetengenezwa kushika na kujaa ili rasta isifumuke, kwaiyo mdoli akaonekana kaamka sasa hivi. Nywele za kunyooka zinazoanguka zenyewe zinataka nyuzi nzito na laini, wenye viwanda hutumia sana saran. Saran usiipige pasi, ukitaka kuinyoosha tumia maji ya moto yasiyochemka, chana taratibu, funga na kitambaa mpaka ikauke.

Mdoli wa kitambaa unavalishwa kama wivingi tu. Laza nyuzi kwenye ukanda wa karatasi, pitisha cherehani mara mbili, chana karatasi, unabaki na mkufu wa nywele, zungushia kichwani kuanzia chini kila sentimita 1, pale juu malizia na mstari wa kugawa ulioshonwa kwa mkono. Kwa plastiki kuna mashine maalum inachomeka nywele kwenye kichwa kikiwa cha plastiki laini, hakikisha wanachomeka kwa msongamano, nywele nyeusi kwenye kichwa cheupe zikiwa chache ngozi inaonekana kuliko za njano. Na msimkatie kila mdoli zile nywele za mbele za kufunika paji. Wa kwangu ana mkia mmoja wa farasi umelegea, kama mwenyewe.

Hatua ya 6: mwili

Hapa haraka haraka maana ni ushonaji wa kawaida. Mdoli wa inchi 16, nafasi ya mshono milimita 6, mishono midogo ya milimita 1.5, mikono na shingo pitisha mara mbili. Jaza poliesta kidogo kidogo kwa kijiti, shingo ijae mpaka igome, shingo ikilegea leo kesho kichwa kiko kifuani.

Hatua ya 7: nguo, na habari ya sarafu

Nguo ya kwanza iwe ya kila siku. Yangu ilikuwa hudi, taiti, jaketi la manyoya na buti za theluji, maana mtoto wa Minnesota Januari bila buti ni kesi. Watu wengi wanamvisha mdoli wa Kiasia kimono au gauni jekundu la hariri akiwa ndani ya boksi, kwaiyo mtoto anamkuta mgeni wa sherehe siku zote. Nguo ya sherehe iweke kwenye mfuko pembeni, avae siku yake.

Siku yake ni Mwaka Mpya wa Kihmong. Pale utaona kazi ya mkono usiamini macho: sketi ya mikunjo myembamba ya rangi ya nili kwa kina Mama wa Kihmong wa Kijani, nyeupe kwa Wahmong Weupe (ni matawi mawili ya Wahmong), nakshi za paj ntaub, yaani kitambaa cha maua, na mikanda imeshonewa sarafu mfululizo, mtu akitembea inalia cheng cheng cheng. Mikunjo ya mdoli nilipitisha nyuzi sambamba nikavuta, nikapiga mvuke, nikaiacha imefungwa siku mbili. Nikashonea na sarafu 24 za bati kutoka sokoni. Nikajiona fundi.

Nikaleta kile kikopo. Sheria ya Marekani ina kikopo cha kupimia vipande vidogo, upana inchi 1.25, kina kinapanda kwa mshazari kutoka inchi 1 hadi 2.25, kitu kikiingia chote humo maana yake kinaingia koo la mtoto. Sarafu ikazama bila hata kugusa ukingo. Nikasema basi nitazishona kwa nguvu, lakini maabara wanavuta, kwa mtoto wa zaidi ya miezi 18 wanavuta kwa nguvu ya ratili 15, kama kilo 7 hivi, ikichomoka umefeli. Afu bati la bei rahisi nani anajua lina risasi kiasi gani, ile metali ya sumu (lead).

Tulichofanya: sarafu zikatariziwa kwa uzi wa fedha, duara duara. Pog hakufurahi. Akasema haina sauti. Kweli haina, na mpaka leo sijapata jibu la sauti ambalo maabara italipitisha.

Kitu kilichompendeza ni nyias, mbeleko yao ya kubebea mtoto mgongoni imetariziwa vizuri ajabu. Nikamwambia na sisi tunayo, nikamfunga kichanga cha midoli kwa kanga akacheka sana. Ipo kwenye seti, na ndo kitu wateja wanaulizia kuliko vyote.

Hatua ya 8: sheria, kabla hujauza hata mmoja

Toka sheria ya Marekani ya usalama wa bidhaa ya 2008, kitu chochote cha mtoto wa miaka 12 kushuka chini kinabanwa, uwe Mattel au uwe mama mmoja na cherehani. Viwango vya midoli vinaitwa ASTM F963. Risasi kwenye malighafi isizidi sehemu 100 kwa milioni, kwenye rangi ya kupaka 90. Vilainishi vya plastiki vya ftaleti, aina 8, visizidi asilimia 0.1 kila kimoja, hii wenye vinaili muisikie vizuri. Vipimo vinafanywa na maabara inayotambuliwa na CPSC, tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa, afu wewe mwenyewe unaandika cheti cha bidhaa ya mtoto, na kila mdoli unakuwa na lebo ya kudumu: nani katengeneza, wapi, lini, fungu gani. Sehemu kama Pennsylvania zina mambo yao ya ziada kwa midoli ya kujazwa, angalia kabla hujatuma mzigo huko.

Mdogo una nafuu. Kama huzidishi midoli 7,500 ya aina moja kwa mwaka na mauzo yako yako chini ya kiwango chao, dola milioni 1 na kitu, unajiandikisha CPSC kama mzalishaji mdogo na vipimo kadhaa hulazimiki kuvipeleka maabara ya nje. Lakini rangi yenye risasi na vipande vidogo havina msamaha. Na kutopima sio ruhusa ya kukiuka, kiwango ni kile kile. Pamba iliyotiwa rangi tu haidaiwi kipimo cha risasi, ndo maana nashauri uanze na kitambaa, macho ya kutarizi, bila kifungo hata kimoja. Gharama yako ya maabara itakuwa ndogo sana.

Hatua ya 9: kiwandani

Oda zikizidi mikono yako utaanza kuandikia viwanda, vingi viko China, jimbo la Guangdong, kwenye miji kama Dongguan na Chenghai pale Shantou. Ujue kazi inavyokwenda ili usidanganywe: uso wako unageuzwa nta, nta inapakwa chuma kwa umeme mpaka inakuwa kalibu, ndani inamiminwa plastiki ya maji, kalibu inazungushwa kwenye oveni, plastiki inaganda ukutani na kuacha uwazi katikati, afu kichwa kinavutwa kwa koleo kupitia shingoni kikiwa cha moto. Kalibu ndo pesa. Kwaiyo watakushawishi utumie kalibu waliyonayo, ya kila mtu.

Kiwanda kimoja, sikitaji, nilikitumia michoro kurasa 14 pamoja na kichwa cha udongo. Baada ya wiki tano sampuli ikaja. Nimefungua boksi nakutana na uso wa Kizungu ule ule, macho yamepandishwa kwa wanja, nywele za mbele zimekatwa mpaka kwenye nyusi na kigauni chekundu cha hariri. Nikawapigia. Dada wa mauzo akanijibu kwa upole kabisa, "hii ndiyo sura yetu ya Kiasia, wateja wa Marekani wanaipenda". Dada mwenyewe Mchina, ananiambia hivyo mi Mtanga! Tukacheka wote wawili lakini oda sikuwapa.

Kilichonisaidia kwa kiwanda kilichofuata:

- Mkataba useme kalibu ni mali yangu, haitumiki kwa mteja mwingine.
- Lipa kwa vipande: kichwa cha nta kwanza, picha za mbele, kushoto, kulia na juu, ukikubali ndo kalibu itengenezwe. Nta inarekebishika, chuma utalia.
- Sampuli za mwisho ziwe mbili, zote saini mgongoni kwa kalamu isiyofutika, moja wabaki nayo, moja ikae kabatini kwako.
- Bei piga na usafiri, maabara na ushuru. Ushuru wa vitu vya China umekuwa unapanda unashuka toka 2025, usimuahidi mteja bei ya mwakani.

Mzigo ukifika usifungue boksi la juu tu, wanajua utafungua la juu. Chimba katikati, toa midoli kumi, weka sambamba na ile yenye saini. Vuta nywele. Zungusha kila mkono. Chukua lenzi uangalie kona ya ndani ya jicho kwenye kila mmoja, maana rangi inapigwa kwa kiolezo na kiolezo kikisogea milimita moja tu kope linahamia kwenye pua. Wa kwangu saba walikuwa sawa, watatu nikawarudisha, na mmoja kati ya hao saba nikavuka nao mlango wa pili, kabla sijakaa vizuri binti keshamvua jaketi anamtafutia mti.